Tenisi na Baba Mkwe, Raskazone

Dada Zuhura,

Sijambo, ila mwili wote unaniuma. Ulinionya nimwachie baba yake Mwanaidi ashinde tenisi, posa yangu isiharibike. Dada, hata nafasi ya kumwachia sikupata! Mzee wa watu kavaa kobazi, mpira anaupiga taratibu kama anamnywesha mgonjwa uji. Mimi nautandika kwa nguvu, unaishia uani kwa jirani. Kila mpita njia akimwamkia, anasimama kuitikia marahaba na kuulizia watoto. Nikafungwa sita bila.

“Mwanaidi akijipamba ni saa mbili nzima,” akaniambia. “Nilitaka kuona kama unajua kungoja. Posa nimeikubali.”

Nikashukuru, huku nimeficha nyuma ya mgongo raketi niliyoivunja kwa hasira. Ni ile aliyoniazima shemeji, mumeo. Nakupenda, dada yangu. Mwambie taratibu.

Mdogo wako,
Abdu