Mahali pa Kuweka Redio

Makorora, Tanga
Mfunguo Tano, 4 Septemba 1957

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Bi Mwanamkasi binti Sadalla, Mwera.

Shikamoo, dada. Nakushika miguu kwa kalamu, maana mkono haufiki huko. Natumai barua hii itakukuta u mzima, mgongo umepoa, na shemeji kashamaliza kuangua nazi zake bila kuumwa na siafu kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Hatibu hajambo, anakwenda kazini kwake kwenye mizani ya mkonge bandarini na kurudi. Mama mkwe, Bi Tabia, hajambo, na ulimi wake haujambo zaidi. Mboni mwanangu, wewe unayemsomea mama, nakusalimu sana. Soma polepole, usimeze maneno kama ulivyozoea ukiwa na haraka ya kurudi kusuka ukili wako.

Dada, barua yako niliipata, wiki ya tatu sasa. Umeniuliza habari ya kasha la mama, lini lije. Nimeisoma barua hiyo hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Jibu la kasha nitakupa humu humu, wala sitakwepa, ila niache kwanza nikupe habari ya redio, kwa kuwa habari hizo mbili zimefungwa kamba moja.

Hatibu alinunua redio baada ya Idi. Ni ya betri, ina uso wa kitambaa cha rangi ya dhahabu na vifundo viwili, na ubao wake unang'aa hata unaweza kupaka wanja kwa kujitazama humo. Waya wake umepanda juu ya mti aliousimamisha Hatibu uani. Siku ya kwanza tuliiweka ukumbini juu ya sanduku la chai lililopinduliwa, nami nikalifunika kwa kile kitambaa nilichodarizi mwaka wa harusi yangu, chenye tausi wawili. Mtaa mzima ukaja. Yule jirani yangu Wanu, mke wa Idarusi, hakuitazama hata redio. Aliinua ncha ya kitambaa kwa kidole cha mguu, akaliona sanduku, akaniuliza kwa upole kabisa kama meza yetu tumeiuza. Lo! Nilijiona kama niliyevuliwa buibui sokoni.

Basi toka siku ile sikukaa kitako. Unanijua, dada, mimi na kutulia hatujawahi kuonana. Niliipeleka redio kwenye meza ya dirishani, wanaume wa barazani wakawa wanaingiza mikono na kuzungusha vifundo wapendavyo, na jua likaanza kuubabua ubao. Nikaihamishia pembeni, waya haukufika. Nikaiingiza chumbani, Hatibu akasema hawezi kukaribisha wageni kitandani kwake. Nikaitoa. Viti navyo vikawa havina kwao, leo huku kesho kule, mpaka jioni moja Hatibu akarudi kachoka, akajitupa mahali palipokuwa na kiti asubuhi, akaenda chini mzimamzima. Nilicheka, astaghafirullah. Yeye hakucheka. Akaniambia nitafute mahali pa redio au nimtafutie yeye mahali pa kukaa.

Tungali katika hayo, Bi Tabia akaja na lake. Ijumaa moja asubuhi ilikuwa inasomwa Kurani redioni, na watu wamejaa ukumbini, mikekani, miguu wameinyoosha. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akajitanda ushungi, akatuambia sote tukunje miguu kama watu wenye mama zao. Alisema kwao Pemba msahafu hauwekwi chini ya magoti ya watu, na kinachosoma Kurani nacho hakiwekwi. Wote wakakubali, nani atabisha? Hatibu akapigilia rafu juu ukutani, sawa na kizingiti cha juu cha mlango. Kurani ilipokwisha ikaanza taarabu. Mama mkwe akatazama juu, akauliza tangu lini zeze na ngoma zikakaa juu ya kichwa chake, na hayo magharibi yakiingia nani atapanda kuzima. Basi ikawa Kurani juu, taarabu chini. Hatibu akawa mpanda kiti, na watoto wa mtaani wakimwona anakuja huimba kwamba bwana nazi amefika.

Tukapatana kwamba dawa ni kabati. Lifike kifuani mwa mtu aliyesimama, ili redio isikae chini wala isikae juu mno, na liwe na milango miwili ya kufunga adhana ikilia. Bi Tabia aliridhika kabisa. Tukamwita Manase, yule fundi seremala Mbondei wa Mabawa, mtu wa maneno machache na kipimo kingi. Akatuambia mninga alio nao bado mbichi, na ubao mbichi karibu na kitu chenye joto utapasuka, basi tungoje hata vuli ipite. Hatibu akasema watu wameishi bila redio tangu Adamu, hawashindwi kuishi miezi minne bila kabati. Maneno ya mtu mwenye akili. Wiki ile ile ikafika barua yako.

Lakini nikumalizie la kabati. Halikungoja vuli, dada. Lipo, limekwisha, na redio ilikwisha ingia humo. Miguu minne imechongwa kama ya kitanda cha kifahari cha besera. Milango imepambwa misumari ya shaba kwa mistari ya nyota, nayo unaifunga kwa ufunguo. Mbao zake nyekundu, zimekolea, zinanuka udi ukifungua. Wanu alikuja akasimama mbele yake hajui mikono aiweke wapi, mwisho akaomba maji ya kunywa. Wake wa makarani wamekuja kupima kwa shubiri zao wakawaambie mafundi wao. Kwa habari ya kupamba ukumbi, Makorora nzima sasa hakuna anayenishinda. Nami katika ukumbi huo siwezi kukaa. Redio ikifunguliwa naondoka. Nakwenda kuchota maji na mtungi umejaa. Nafagia uani palipokwisha fagiliwa. Mama mkwe ameniuliza kwa kicheko kama mambo yameitika, kama nina mimba, nami nimemwacha afikiri hivyo, Mungu anisamehe.

Dada, nadhani misumari ya shaba umekwisha itambua.

Naam. Ni kasha la mama. Nimelikata.

Mboni, usinyamaze. Najua ni wewe unayesoma, na najua mama amekutazama usoni. Soma yote, usiruke hata neno moja, kwa kuwa yaliyobaki yanakuhusu wewe kuliko yeyote.

Siku barua yenu ilipofika, kwamba Mboni ameposwa na harusi ni baada ya Maulidi, niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka majirani wakatoka. Vigelegele vile vilikuwa vya kweli, Mungu ni shahidi. Nikaenda kwenye mstari wa chini, uliposema kwamba sasa wakati umefika, kasha lije. Ni haki. Mama alisema mbele yetu sote, na siku ya arobaini wazee wakarudia: kasha ni la binti atakayetangulia kuolewa, awe wako au awe wangu, na likae kwangu amana kwa kuwa paa lenu lilikuwa linavuja. Awe wako au awe wangu. Miaka saba nimeolewa, dada. Kila mwaka nimelifuta kasha lile kwa mafuta ya nazi, nikatia ndani vikuba vya maua na asumini, nikijiambia labda. Sikupata kumwambia mtu neno hilo, labda. Hata wewe.

Kesho yake Manase alikuja kuazima ngazi. Akaliona kasha chumbani, mlango ulikuwa wazi. Alipitisha kiganja juu yake akasema msaji kama huu haujaonja maji miaka mia. Alisifu tu, dada, wala hakuomba. Mimi ndiye niliyemwambia alikate, alifanye kabati. Akaniuliza kasha la nani. Nikasema langu. Akaniuliza mara ya pili, akasema kwao kitu cha mama hakiguswi mpaka ndugu waulizwe. Nikamwambia ndugu yangu ni mmoja, dada yangu, naye amenipa kwa mkono wake. Hivyo ndivyo nilivyosema. Akalitoa uani. Aliposhika msumeno niliingia jikoni nikachukua mchi nikaanza kutwanga ili nisisikie, na kinu kilikuwa kitupu. Nimetwanga kinu kitupu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hatibu nilimdanganya kwamba kasha limeshapakiwa lori kuja kwenu, na kwamba Manase amepata mbao kavu kwa rafiki yake.

Watu wakijua watasema Sabiha kakata kasha la mamake kwa ajili ya redio, kwa kushindana na Wanu. Nitawaacha waseme, ndiyo aibu iliyo nyepesi. Nyinyi ndio mnaostahili kujua kweli yake. Nililikata ili lisiondoke. Nilimwonea wivu mtoto niliyembeba mgongoni. Mboni, mimi ndiye niliyekuchukua siku mama yako ana homa ya uzazi, nikakulisha uji kwa kidole, na ni mimi huyo huyo niliyeona heri kasha life kuliko kulipungia mkono likienda kwako. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi hata mtoto sina, na majuto yamekuja.

Dada, unakumbuka kitasa? Vile kilivyolia mara mbili ufunguo ukizunguka, ting, ting, asubuhi ya Idi, nasi tukaruka kitandani kwa kuwa nguo mpya zinatoka. Na siku tulipotaka kuiba halua, wewe ukageuza ufunguo na mimi nikakigandamiza kitasa kwa viganja viwili kisilie, kikalia vile vile, na mama akatusikia tangu kisimani. Ulipigwa wewe peke yako, ukasema mimi sikuwepo. Manase alikitoa kitasa kile asikivunje, akakitia kwenye mlango wa kabati. Hakuniuliza. Kila jioni Hatibu anapofungua asikilize habari, kinalia, na mimi naondoka ukumbini.

Jana nilishindwa. Kililia, nikakaa chini hapo hapo nikamweleza Hatibu yote, la kasha, la Manase na la lori. Hakunigombeza. Aliizima redio, akaitoa kabatini kwa mikono miwili, akaiweka sakafuni, akasema amana si yetu. Mama mkwe aliona redio sakafuni akafungua kinywa, kisha akaniona uso, akakifunga. Ni mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Basi jibu la kasha ndilo hili. Jumamosi lori la Mwinyijuma litaleta kabati Mwera, limefungwa magunia na mikeka, na Hatibu mwenyewe amepanda nyuma kulishika. Kasha silo, sitajidai ndilo. Lakini mbao ni zile zile za mama, hata kipande kimoja sikubakiza. Manase nimemwambia kweli naye. Akasema ataongeza rafu mbili ndani, nguo za bibi harusi zikae, na hatataka ujira. Redio imerudi juu ya sanduku la chai, nami nimeacha kulifunika. Wanu amekwisha pita akaona.

Nikitakiwa harusini nitakuja, nitapika na kuosha masufuria nyuma huko, sitadai kukaa na wakwe. Nisipotakiwa nitajua, wala sitauliza sababu. Radhi ya mama siwezi tena kumwomba mwenyewe, imebaki kwako.

Msalimu shemeji, wasalimu majirani wote, na mzee Jumbe mwambie dawa yake ya macho nimempa Hatibu aje nayo. Hatibu anakusalimu. Bi Tabia anakusalimu, na safari hii amesema nikuandikie kwamba anakusalimu sana.

Mboni, ndani ya bahasha kuna kitu kimefungwa kitambaa cha tausi. Ni ufunguo. Mpe mama. Kabati likishushwa Jumamosi, asiseme neno juu yangu, zuri wala baya, mpaka awe ameugeuza mara moja. Nawe simama karibu yake usikilize, kwa kuwa ndio mlio tuliolelewa nao, na ni wako sasa. Kisha aniandikie lolote atakalo, nitalipokea.

Mdogo wako mwenye makosa,
Sabiha binti Sadalla