Vaillante Tatu na Dauda Mmoja

Baba yetu mpenzi, Dauda Muhamadi,

Mwaka umetimia tangu ugonjwa wa kifua ulipokuondoa kwetu hapa Gisenyi, Machi 1956. Tumezoea mambo mengi, lakini si kukukosa baada ya sala ya alasiri, saa uliyokuwa ukinywa kahawa na kumkosoa kila aliyeiita manowari mashua.

Ulikuwa kijana ulipochukuliwa kuchochea moto kwenye meli ndogo ya Wabelgiji yenye mzinga, hapa ziwani, wakati wa vita na Wadachi. Kapiteni aliiita Vaillante, yaani jasiri. Alikueleza kwamba kwa Wafaransa jina hilo limebebwa na manowari nyingi tangu enzi za matanga: moja ikifa, nyingine hulirithi. Jambo hilo lilikukaa moyoni.

Vaillante ilipigwa ikazama karibu na Nyamyumba. Uliogelea hadi nchi kavu ukimvuta kapiteni aliyevunjika mguu. Vaillante ya pili, meli ya mizigo uliyofanyia kazi baada ya vita, ilipasuliwa na mawe katika dhoruba ikazama. Mwaka 1952 tajiri mmoja akaleta ya tatu, akakupa usukani. Ukamwomba aipe jina lile lile.

Siku ya kwanza abiria walikataa kupanda. Mukarugwiza, muuza samaki, alikaa juu ya kikapu chake.

“Dauda, ile jina inakula watu. Mbili zimekwisha kuzama.”

“Jina haikuzama, mama. Ni chuma ndiyo ilizama.”

Hakuna aliyesogea. Ukaja nyumbani kumchukua mama yetu, Saidati. Aliogopa sana, alituambia baadaye. Alipanda kwa sababu hakutaka uende peke yako. Mlikwenda Kibuye mkarudi, ninyi na mabaharia tu. Kesho yake Mukarugwiza akapanda wa kwanza.

Hukupoteza abiria hata mmoja. Ulikuwa mkali: upepo ukichafuka hukung'oa nanga, hata tajiri akikasirika. Lakini mzee asiye na nauli ulimpa kamba ashike, ukasema huyu ni baharia.

Mwezi uliopita tajiri alikuja. Vaillante ya tatu imechakaa, naye anaunda meli mpya; akaomba aiite Dauda, na zitakazofuata ziitwe hivyo pia. Alikuwa na nia njema. Mama alimpa chai, akamwacha amalize.

“Asante, bwana. Meli uiite Vaillante. Dauda alikuwa mmoja tu.”

Unakumbukwa na mkeo Saidati, wanao Ramazani na Zuena, dada yako Mwamini, wajukuu, na mabaharia wenzako. Hatutakusahau maisha yetu yote.