Krokosmia Zangu na Jembe la Mama Mkwe

Jumanne, mvua bado

Na mimi nikamwambia "pole na kazi"! Mdomo huu!

Narudi kutoka sokoni Ng'ambo, namkuta mama mkwe ameinama uani na jembe, krokosmia zangu zote, maua niliyoyapanda chini ya dirisha, ziko chini. Kiangazi kizima nimezimwagilia maji niliyooshea mboga. Ilibaki kidogo tu zichanue.

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu, nimeshapoa. Uwanja gani huu una majani mpaka dirishani? Nyoka watawaingilia ndani."

Nyoka! Amefika juzi tu kutoka Isikizya kutusalimia, na tayari...

Mume wangu anasema nisikuze mambo, mama ametusaidia. Ametusaidia nini? Angekuwa mtu mwingine, mtaa mzima ungenisikia. Lakini mkwe utamwambia nini?

Ila kuna kitu mama asichokijua. Viazi vya krokosmia hushikana ardhini kama shanga, na ukivitenganisha, kila kimoja huota peke yake. Yeye kavikatakata, kavitawanya uani kote. Mvua ikinyesha zitatoka mpaka mlangoni.

Arudi tu na jembe lake. Siku hiyo nitampa pole ya kutoka moyoni.