Jino la Papa na Kibuyu cha Mama

Marahaba, mjukuu wangu Ghati, ingawa kwa umri ningefaa kuwa dada yako.

Mkwaruzo mmoja bado uko masikioni mwangu. Huku Nyanungu tu wazima, ila mama na mimi tumechoka.

Unaniomba lile jino la papa wa kale nililozawadiwa na mwalimu wangu. Aina yake ilikwisha zamani. Mwili wake wa gegedu, laini kama ncha ya sikio, ukaoza, jino likabaki.

Siku niliyolileta nyumbani nilienda kuteka maji, nikarudi nikamkuta mama akikwangua kibuyu kwa jino hilo.

"Mama! Samaki huyu alikwisha kabla ya watu!"

"Basi amepumzika vya kutosha. Mwache anisaidie."

Nilimnyang'anya jino, nikalifungia sandukuni. Tangu hapo akawa anakwangua kwa kigae, na mkwaruzo wake ndio huo usionitoka masikioni.

Usinikasirikie, Ghati. Jino nimeshamrudishia mama.