Roboti Aliyemsubiri Cyril

Rochdale, Jumanne

Mdogo wangu Elsie,

Salamu nyingi. Magoti yako yanasemaje? Yangu yanalia kama mlango wa banda. Sisi tupo, chai ipo, na mvua haijatusahau.

Kwanza nikutie wivu: ile tamthilia ya chombo cha angani, inayotazamwa na Uingereza nzima kila Jumamosi, sasa mwandishi wake ni Trevor wangu! Jina lake linapita mwishoni, kubwa hasa. Mabel wa duka la nyama amelisoma bila miwani. Na wewe ulisema mtoto anayeota mchana hafiki popote!

Shemeji yako ndiye kimya. Tangu tumzike Bernard, mwenzake wa vichekesho jukwaani, Cyril hajatamka neno. Daktari anasema koo ni zima. Namlisha, namnyoa, naongea na ukuta. Nimechoka, Elsie, hadi mifupani.

Ijumaa Trevor akanipigia simu, akasema nimweke baba yake mbele ya televisheni kesho yake. Nikamweka. Wakatokea roboti wawili, mmoja mrefu kama Bernard, mwingine kibonge kama Cyril, wakizozana vilevile kama wetu enzi za kumbi za Blackpool: mrefu anauliza, kibonge anachekesha. Ghafla kibonge akazimika. Mrefu akamwinamia, akamwuliza lile swali lao la kufungia onyesho: "Umefunga mlango, mzee?"

Kisha kimya. Wakubwa wa Trevor walitaka kukikata kimya hicho. Mwanangu akawaambia wamfukuze yeye kwanza.

Na humo ndani ya kimya, kutoka kwenye kiti, Cyril akajibu kama alivyomjibu Bernard miaka yote: "Nimeuuza."

Nililia hadi chai ikapoa. Jumapili akarudi bubu.

Sasa nikuambie nililomficha hata Trevor: nilikuwa nimeshamwombea Cyril nafasi kwenye nyumba ya wazee. Kesho ndiyo wangekuja kumchukua.

Jana, kijiko cha viazi mkononi, nikajaribu mwenyewe. Umefunga mlango, mzee? Akanitazama kwa dharau, akasema, "Umewahi mno, Hilda. Bernard alikuwa anavuta pumzi kwanza."

Alinigombeza, Elsie! Kwa jina langu!

Nikavuta pumzi, nikauliza upya. Kisha nikawapigia simu wasije.

Msalimie Frank. Njooni Jumamosi, ila mtakapokuwa hapa, pale penye kimya, kabla Cyril hajajibu, mkome kukohoa.

Dada yako, mama yake Trevor,
Hilda