Sloti Mpya na Harusi ya Hamida

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mungu wangu. Mungu wangu! Kompyuta imeleta mistari ya kijani, ikawa nyeusi, ikazima. Nimeiwasha mara tatu. Dakika nane tu, inazima tena.

Kosa ni langu. Jana niliipeleka kwa fundi pancha aipige upepo — vumbi la huku Ipagala mwezi huu si la kuchezea, na sisi wapiga video sote tunafanya hivyo. Kompresa ikatema maji. Maji! Nikafuta kwa kanga ya Angelina, nikaiwasha hapo hapo. Mke wangu akisikia hilo la kanga...

Humo ndani imo harusi ya Hamida, ile niliyorekodi Kondoa. Baba yake, Mzee Abdulwahab, alimtolea nasaha barazani wakati wa nikahi. Wiki tatu baadaye mzee akafariki. Hamida hakumsikia, bi harusi alikuwa chumbani na wanawake. Jumamosi anakuja kuchukua video. Kadi za kamera nilishazifuta, nikarekodia kipaimara. Nakala nyingine hakuna.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi kompyuta, Yotham, kaja. Nikamwambia umeme ulicheza. Uongo mtupu — niliona aibu. Anasema sloti, lile tundu linaloshika kadi ya picha inayolisha skrini, imekwisha, na isitoshe ni ya zamani, PCIe kizazi cha tatu, wakati wenzetu wako cha tano. Tuweke mazabodi mpya, ile bodi kuu ya kompyuta, yenye sloti mpya, kadi ipumue, na kazi yangu itakwenda mbio. Ailete kesho?

Nikasema ngoja kwanza. Sijui kwa nini. Naogopa tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia Sila, mdogo wangu wa Ihumwa anayehudumia kompyuta za ofisini kwao. Akaniuliza: kaka, zile diski zako mbili si uliziunganisha zifanye kazi kama moja? Ndiyo, mwaka juzi, nilitaka spidi. Nilijiona mjanja!

Kumbe kila video imekatwa vipande, nusu diski hii, nusu ile, na mpangilio wake unajulikana na mazabodi ya zamani. Mpya inaweza kuzitambua. Inaweza pia kuziona tupu. Sasa ipi kati ya hizo? "Inaweza tu, kaka." Silipendi neno hilo.

Kunakili harusi nzima kunataka zaidi ya saa moja. Leo imekaa hewani dakika sita.

Alhamisi, 11 Septemba

Dakika nne. Harufu ya kuungua. Nimechomoa waya. Sijala. Angelina kaniuliza nina nini, nikasema vumbi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia Yotham ukweli, maji na yote. Hakufoka. Alichomoa kadi akanionyesha ndani ya sloti: kutu ya kijani. Ningesema Jumanne, anasema, angeisafisha kwa spiriti siku ile ile, na pengine ingetosha. Sasa kila nikiwasha, shoti inaweza kufika mpaka kwenye diski. Zikiungua, basi tena.

Kwa hiyo ya zamani inaweza kuziua. Mpya inaweza isizitambue, lakini haitazidhuru mradi tusiandike kitu kwenye diski. Sila kasisitiza kwenye simu: ikikuuliza chochote, jibu hapana.

Nimekubali mpya. Nimesali. Moyo haujatulia hata kidogo.

Jumamosi, 13 Septemba

Yotham kafika saa mbili asubuhi. Sloti mpya inang'aa. Kadi imeingia — tak! Skrini safi, mstari hata mmoja hakuna. Nikataka kushangilia. Halafu ikaandika: diski mbili mpya zimeonekana, ziandaliwe kwa matumizi? Mpya! Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Yotham akanidaka mkono. Tukajibu hapana. Sasa yuko kwenye mipangilio, anajaribu kuziunganisha bila kuzifuta.

Na Hamida ameshafika, mapema kuliko tulivyopanga. Naandika haya jikoni, nimesema naleta maji ya kunywa. Hajui lolote. Anasema mama yake yuko eda, hatoki, kamtuma ampelekee sauti ya mzee nyumbani. Halafu akauliza, taratibu:

"Kaka Daudi, wewe si ulikuwepo pale barazani? Baba aliniambia nini?"

Nilikuwepo. Hatua tatu tu kutoka kwa mzee, hedifoni masikioni. Nilikuwa nasikilizia upepo kwenye maiki, jicho kwenye taa ya betri. Sauti yake yote ilipita masikioni mwangu na maneno sikuyashika. Nakumbuka kofia yake. Nakumbuka alikohoa mara mbili, nikakasirika kwamba ananiharibia.

Hilo sikuweza kumwambia. Nikamjibu: subiri kidogo tu, utamsikia mwenyewe.

Akatabasamu! Kwa nini nimesema vile?