Mawinga wa Mejumaa

Jumatatu, 3 Februari

Nimefagia uwanja tena. Mchanga, vifuniko vya soda, majani ya mwarobaini. Gurudumu likikanyaga kokoto moja tu, mtu yuko chini. Saa kumi wasichana wamevaa viatu vyao vya magurudumu, wameshika fimbo za hoki. Mazoezi mabaya. Mejumaa yuko kati, hodari kuliko wote hapa Kiembeni, na anacheza kama hana timu. Sijui nimpange na nani kushoto na kulia.

Timu ya Mkomani wamemwita ahamie kwao. Kaniambia mwenyewe: tunacheza nao Jumapili, na asipopata wa kucheza naye, anahama. Siku hizi havilazi viatu vyake stoo pamoja na vya wenzake. Anarudi navyo kwao Likoni. Nimeumia.

Jumanne, 4 Februari

Riziki na Saumu pembeni yake. Wana mbio, wana adabu. Adabu mno! Mejumaa ndiye aliyewafunza kusimama juu ya magurudumu, basi humwamkia shikamoo mpaka uwanjani. Anawapa mpira goli likiwa tupu, wanamrudishia. Mara nne. Saumu ati, "Dada yupo, nitafungaje mimi?"

Nilitaka kulia. Nikacheka.

Jumatano, 5 Februari

Wawili wengine. Yaleyale. Mejumaa katupa fimbo, kakaa kivulini. Nikamfokea mbele ya watu. Najuta. Kosa ni langu: miaka miwili nawaambia wamheshimu Mejumaa. Wamesikia.

Alhamisi, 6 Februari

Hakuna mazoezi. Nimevuka feri kwenda kumtaka radhi. Nimemkuta uani anachambua mchicha na Biasha, mke wa kakake, na Tima, binti ya mjomba wake. Wote wawili ni walinzi wangu wa nyuma.

Loo, maneno! Wifi kwa wifi, binamu kwa binamu, utani hauna mpaka. Biasha anamwambia ana miguu ya kuku. Tima kampokonya kisu, ati hajui kukata. Mejumaa anacheka mpaka machozi. Hakuna anayemwogopa.

Nami nimepewa fungu nichambue, nikabaki na mchicha mkononi. Wallahi, hawa nimewaficha nyuma mwaka mzima!

Ijumaa, 7 Februari

Biasha kushoto, Tima kulia. Biasha mzito. Tima anaanguka kila kona. Lakini kelele! "Wifi, lete mpira, mchoyo we!" Na Mejumaa anauleta. Riziki na Saumu nimewarudisha nyuma. Wamekubali kwa adabu.

Naogopa Jumapili.

Jumapili, 9 Februari

Mkomani mbili, sisi sufuri, hata mapumziko bado. Watu wananitazama kama nimerogwa. Baada ya mapumziko Tima kafunga. Biasha kateleza, kakaa kitako, kafunga hapohapo alipokaa. Huko nyuma Riziki na Saumu hawampi mtu wa Mkomani shikamoo wala nafasi.

Mwisho kabisa Mejumaa kabaki yeye na goli tu. Tima kapiga ukelele, "Acha uroho!" Akampa. Tima akafunga. Tatu kwa mbili.

Mejumaa hakufunga hata moja, na ndiye aliyeruka kuliko wote. Nimelia hadharani. Sioni haya.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefagia. Mazoezi mepesi. Biasha anachechemea, Mejumaa anamwigiza. Habari ya Mkomani hakuitaja, nami sikuuliza.

Wameondoka kabla ya magharibi. Nimeingia stoo kuweka fimbo. Viatu vya Mejumaa viko rafu ya chini, kati ya vya Biasha na vya Tima. Nimevipangusa vumbi, nikafunga mlango.